Ncha Mbili za Waya

Tawi lilianguka pale pale ambapo dakika moja kabla watoto sita walikuwa wamepanga foleni. Lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, na liliposhuka halikulia kama mti mbichi unaopasuka. Lililia kama ubao mkavu. Watoto hawakuwa chini yake kwa sababu moja tu. Walikuwa wamekimbilia katikati ya ua, kwa mwenzao aliyelala kwenye nyasi, ameukumbatia mkono wake wa kushoto, analia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Wengi wameniambia Mungu alitusitiri siku ile, nami naamini. Lakini aliyetundika ule waya ni mimi. Nataka nieleze nilivyoutundika, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mzazi mwingine aliyesimama dukani mbele ya boksi kama lile, na moyoni haoni kitu ila furaha ya wanawe.

Ilikuwa Columbus, Ohio, mwezi wa Juni mwaka 2018, shule zimefungwa. Masika yale watoto walikuwa wamepelekwa matembezi Hocking Hills, kusini-mashariki ya mji, kwenye misitu na miamba ambako wageni hufungwa mikanda na kuteleza kwa ziplaini kutoka mti hadi mti. Wao walitazama tu, hawakupanda, na pengine ndiyo sababu waliporudi nyumbani hawakuwa na hadithi nyingine. Hata mimi hadithi za waya si ngeni kwangu. Nimezaliwa Mkumbara, njia ya Mombo, ambako enzi za Wajerumani magogo ya mierezi yalishushwa kwa waya kutoka msitu wa Shume, na wazee wetu waliyasimulia hayo mpaka tukayaona kwa macho ya moyo. Mwanangu aliponiuliza kama tunaweza kuwa na ziplaini yetu wenyewe uani, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza swali.

Boksi lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Ndani mlikuwa na waya wa chuma wa futi 100, yaani kama mita 30, unene wake inchi 3 kwa 16, ambazo ni karibu milimita 5. Mlikuwa na kapi yenye magurudumu mawili na vishikio, kiti cha duara cha kuning'inia, klampu sita, chuma cha kukazia waya chenye parafujo pande zote mbili, springi ya breki, na kijitabu. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mtoto anacheka, miguu hewani. Kijitabu kilikuwa na kurasa nyingi za maonyo kwa herufi ndogo, zikifuatiwa na michoro. Nilianza kwenye michoro.

Ua wetu ulikuwa na miti miwili iliyokaa kana kwamba imepandwa kwa kazi hiyo. Chini, karibu na nyumba, mwaloni mkubwa. Juu, kando ya uzio, mti uitwao ashi, umenyooka, unene wake zaidi ya sentimita 30. Kijitabu kilitaka mti wenye afya wa unene wa inchi 12 au zaidi. Nilichukua kamba nikapima unene. Afya nilipima kwa macho: niliona majani, nikaridhika.

Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mzee kutoka Bukavu, ambaye kabla ya vita kumtoa kwao alikuwa akipasua mbao. Watoto wote wa mtaa humwita Babu. Jioni ya kufunga waya alikuja na mjukuu wake wa miaka saba, akatusalimu mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyekuja kutoka Dayton kunisaidia. Mzee hakututazama sisi sana. Aliuzunguka ule mti wa ashi, akaomba nyundo, akaugonga shina mara tatu kwa kisogo cha nyundo huku ameinamisha sikio.

“Mudogo yangu,” akaniambia, “huu muti unalia kama ngoma. Muti muzima haulii hivi.”

Nikamwonyesha majani. “Mzee, si unaona unachipua mpaka chini?”

Aliyatazama machipukizi yale mabichi yaliyotoka shinani, akatazama juu kwenye kilele, akanirudishia nyundo. Hakusema tena. Alikuwa kwenye ua wa mtu mwingine, na mwenye ua alikwisha kujibu. Nami, kusema kweli, nilimsikia. Neno lake liliniingia. Lakini watoto wanane walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma wanasubiri, na mti mwingine wa kufaa kwa umbali ule haukuwepo.

Machipukizi yale niliyomwonyesha mzee kama ushahidi wa uzima yalikuwa ushahidi wa kufa. Mwaka 2002, karibu na Detroit, wataalamu walimtambua mbawakawa mdogo wa kijani king'aavyo kutoka Asia, ambaye inaaminika aliingia Marekani ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka uliofuata alionekana Ohio. Mabuu yake hula utando hai ulio chini ya gome la ashi, ule unaoshusha chakula, na kuchora humo njia zinazopindapinda kama nyoka. Mti hukauka kuanzia kileleni. Ukidhoofika juu, hujaribu kujiokoa kwa kutoa matawi mapya chini, na mtu asiyejua hufurahi kuyaona. Mbawakawa aliyekomaa akitoboa gome ili atoke huacha tundu dogo lenye umbo la herufi D. Kigogota naye huja kuwatafuta mabuu, akalibandua gome la juu mpaka shina likabaki na mabaka meupe. Vyote hivyo vilikuwepo kwenye mti wangu, vimeandikwa wazi, nami nilipita hapo kila wiki na mashine ya kukatia nyasi. Mamilioni ya miti ya ashi imekufa Amerika ya Kaskazini kwa namna hiyo, na mbao zake hukauka na kuwa nyepesi kuvunjika upesi kiasi kwamba wakata miti wengi hawakubali kuipanda.

Basi tukafunga. Tuliuzungusha waya kwenye shina la ashi, tukaurudisha wenyewe kwa wenyewe, tukaubana kwa klampu tatu. Tukafanya vivyo hivyo upande wa mwaloni, tukaweka springi ya breki mita chache kabla ya shina. Kwenye breki tulitumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote pamoja, na sababu yake naielewa sasa. Kila mzazi anayewaza ziplaini humwona mtoto akienda kwa kasi na kugonga mti. Hofu hiyo si ya bure. Upande wetu wa juu ulizidi ule wa chini kwa karibu mita 1.8. Kama hakuna kinachozuia, mtu anayeteremka kimo hicho hufika chini kwa mwendo wa kilomita 21 kwa saa, sawa kabisa na aliyeanguka kutoka juu ya kimo hicho hicho. Breki ilifanya kazi yake vizuri mpaka dakika ya mwisho. Hatari haikuwa pale tulipokuwa tunaangalia.

Mpwa wangu wa miaka 12 ndiye aliyejaribu wa kwanza. Alipofika katikati, waya ulilegea na miguu yake ikaburuza kwenye nyasi. Watoto wakaguna. Shemeji akaniambia, “Shem, tukaze kidogo.” Tukakaza. Akajaribu tena, akaburuza tena. Tukazungusha kile chuma cha kukazia mpaka parafujo zikaisha, tukafungua klampu, tukauvuta waya kwa nguvu zetu wawili, tukafunga upya, tukazungusha tena. Mwishowe ukanyooka kama mstari wa rula. Shemeji aliupiga kwa kidole ukalia kama uzi wa gita, nasi tukapeana mikono. Tulidhani mlio ule ni mlio wa uimara.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, na ningelijua mtoto wa watu asingevunjika mkono. Kumbuka jinsi watoto wawili wanavyobeba ndoo moja ya maji, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini. Wakitembea karibu karibu, mikono imening'inia, kila mmoja hubeba nusu ya ndoo. Wakiachana, mikono ikaanza kunyooka kwenda pembeni, ndoo ile ile, yenye maji yale yale, huanza kuwang'oa mabega. Wakitaka kuinyoosha mikono kabisa, hawawezi; hata ndoo ikiwa na nusu ya maji hawataweza. Waya ni hivyo hivyo. Unaponing'inia na kulegea katikati, hubeba mzigo kwa urahisi. Kadiri unavyonyooshwa, ndivyo mzigo mdogo unavyogeuka kuwa mvuto mkubwa kwenye ncha zake.

Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito wa aliyening'inia katikati, zidisha kwa urefu wa waya, kisha gawa kwa mara nne ya kina cha kulegea. Mtoto na kiti chake wawe kilo 30, waya mita 30, na ulegee mita moja na nusu mtoto akiwa juu yake: kila mti utavutwa kwa nguvu ya kilo 150. Mtoto huyo huyo, waya ukiwa umekazwa mpaka unalegea sentimita 30 tu: kilo 750. Sasa mweke mtu mzima wa kilo 80 kwenye waya unaolegea nusu mita. Ni kilo 1,200, uzito wa gari dogo, umening'inizwa kwa pembeni kwenye mti. Waya wa inchi 3 kwa 16 wa chuma kizuri hukatika kwenye kilo 1,900 hivi, na wanaofanya kazi za kunyanyua mizigo hawathubutu kuutumia zaidi ya sehemu moja ya tano ya hizo.

Miguu ya mtoto inapoburuza, dawa yake si kukaza. Ni kupandisha ncha zote mbili juu zaidi, au kufupisha waya. Kulegea kule tulikokuona kasoro ndiko kulikokuwa kunatulinda, na sisi tulikesha tukikuondoa.

Kosa la klampu ni dogo kwa kulitazama. Kila klampu ina sehemu mbili: tandiko lenye mikunjo ya kuushika waya, na chuma kilichopindwa kama herufi U chenye nati mbili. Waya unapozungushwa mtini na kurudi, unakuwa na pande mbili, ule mrefu unaovutwa na mkia mfupi usiobeba kitu. Tandiko lazima lilalie waya unaovutwa, na ile U iubane mkia, kwa kuwa U huuponda na kuudhoofisha waya inaoukalia. Mafundi wa Marekani wana msemo wa kukumbushana: usimtandike farasi aliyekufa. Mkia ndio farasi aliyekufa. Upande wa mwaloni tulifunga sawasawa, kwa bahati. Upande wa ashi, kwenye ule usiku wa kufungua na kufunga upya, mbili kati ya tatu tulizigeuza. Tena waya mpya ukivutwa kwa mara ya kwanza hukonda kidogo, nati zikabaki zimelegea hata kama ulizikaza mpaka jasho likakutoka. Baada ya mzigo wa kwanza inatakiwa kurudi na spana. Sisi tulikuwa tumekwisha kuziweka spana ndani ya boksi la vifaa.

Jumapili ilikuwa nzuri. Tulichoma nyama, wanawake wameweka meza kivulini, na foleni ya watoto haikwisha tangu saa saba mchana. Kama saa kumi hivi shemeji alipanda. Ana kilo 85. Watoto walishangilia, nami nilishangilia pamoja nao. Alipofika chini nilisikia kitu upande wa uzio, kama mlio wa mlango wa mbao usiotiwa mafuta, nikadhani ni kapi. Sikwenda kutazama. Watu zaidi ya ishirini tulikuwepo pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama ncha za waya. Sote macho yetu yalikuwa katikati, kwa anayeteleza.

Watoto wawili walipanda baada yake. Wa tatu alikuwa mjukuu wa mzee.

Alikuwa hajafika nusu ya njia. Waya ulichomoka kwenye klampu za upande wa ashi, mkia wake ukachapa uzio wa mbao na kupasua ubao mmoja, na mtoto akashuka pamoja na kiti kutoka kimo kisichozidi mita moja na nusu. Si kimo kikubwa. Alitanguliza mkono, kama mtoto yeyote angefanya. Mti nao, uliokuwa umepindwa kwa siku mbili, uliachiwa ghafla, ukarudi nyuma na kutikisika mpaka kileleni. Watoto wakakimbilia kwa mwenzao. Ndipo lile tawi la juu, lililokwisha kupasuka, likaamua kushuka.

Kiwiko cha mtoto kilikuwa kimekaa vibaya. Mke wangu alikifunga kwa kanga kama kilivyo, bila kukinyoosha, na hilo, daktari alituambia baadaye, ndilo jambo la maana tulilofanya siku nzima. Hospitalini walipapasa kwanza mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Kisha daktari akamwomba afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada. Alifanya, huku machozi yanamtoka. Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, na mahali hapo mshipa mkubwa wa damu na neva hupita karibu sana na mfupa. Duara lile dogo ndilo lililomwambia daktari kwamba neva moja ya maana bado inafanya kazi. Usiku ule walimtia vyuma vyembamba viwili kushikilia mfupa. Vilitolewa baada ya wiki nne.

Habari za bili na bima nitazipita. Itoshe kusema kwamba bima nyingi za nyumba Marekani zina masharti kuhusu trampolini na vifaa vya namna hii, na mwenye nyumba anapaswa kuuliza kabla. Mimi sikuuliza.

Kilichonilemea zaidi ni mlango wa jirani. Nilikwenda Jumatatu na mke wangu na shemeji, tumeshika kikapu cha matunda ambacho nilikionea haya njia nzima. Mzee alitufungulia mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na kati ya hayo lile la kumwambia kwamba alinionya na sikusikia. Alinitangulia. Alisema, “Siku ile nilisema mara moja tu. Mambo ya batoto inafaa kusemwa mara mbili.” Kisha akatukaribisha ndani, tukakaa. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kuombwa radhi na mtu niliyemkosea.

Wiki ile ile tulimwita mtaalamu wa miti. Aliuangalia ashi kutoka chini, akakataa kuupanda, akarudi siku ya pili na gari lenye mkono wa kunyanyulia mtu. Gome lilipobanduliwa tuliona njia za mabuu zimejaa shina zima kama maandishi ya kalamu moja isiyonyanyuliwa. Kilele chote kilikuwa kuni. Huko chini, karibu na mizizi, mbao zilikuwa zimeanza kuoza ndani, na hapo ndipo mlio wa ngoma ulipotokea. Mzee alikuwepo. Aliokota kipande kimoja cha gome akaenda nacho kwake.

Usiku niliokuwa silali nilianza kusoma, na nikakuta kwamba hapa hapa Columbus, watafiti wa Nationwide Children's Hospital walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wao kuhusu ajali za ziplaini Marekani kati ya 1997 na 2012. Walikadiria karibu majeruhi 17,000 waliotibiwa vyumba vya dharura, wengi wao katika miaka minne ya mwisho, na karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Zaidi ya robo tatu waliumia kwa kuanguka. Waliogonga kitu walikuwa wachache mno kuliko hao. Kuvunjika mfupa ndilo jeraha lililoongoza. Niliyasoma nikiwa nimekaa ngazi za nyuma, mbele yangu kisiki cha ashi, nikifikiri jinsi tulivyohangaika na springi ya breki.

Sikutaka kuona waya tena. Miezi kadhaa boksi lilikaa gereji limegeukia ukutani. Ni mjukuu wa mzee aliyeniuliza, vyuma vimeshatoka, mkono umeshanyooka, kama waya umetupwa. Nikamwambia bado. Akaniuliza tutaufunga lini vizuri. Neno hilo la mwisho lilinikaa.

Tuliufunga masika ya mwaka 2019, na ulituchukua wiki tatu. Umbali sasa ni mita 18, kutoka mwaloni ule mkubwa hadi mwaloni wa pili ulio kando ya gereji, na mtaalamu aliikagua yote miwili kuanzia mizizi. Yeye ndiye aliyetuambia tusiuzungushe waya kwenye shina: waya unaokaza pande zote hukaba ule utando hai chini ya gome, na mti hufa taratibu kwa kitanzi ulichoufunga wewe mwenyewe. Tundu moja la bolti lililopita katikati ya shina huumiza kidogo, na mti hulizoea. Waya ni mnene zaidi, wa robo inchi. Ncha zimepanda, na waya umeachwa ulegee sentimita 90 anapopita mtoto wa kilo 40, ambaye ndiye mkubwa anayeruhusiwa. Mvuto wake ni kilo 200. Shemeji hapandi. Mimi sipandi. Miguu ya mtoto iko chini ya nusu mita kutoka ardhini, na ardhi yenyewe tumeitandika vipande vya mbao kina cha inchi 9, maana tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa haihesabu nyasi kuwa kinga ya mtoto anayeanguka, na baada ya kuona mkono ule nimeelewa kwa nini. Hakuna kofia ya sweta yenye kamba, hakuna mtandio shingoni.

Kabla ya mtoto yeyote tulitundika mifuko minne ya mchanga, jumla kilo 90, tukaisukuma mara thelathini, tukaiacha imening'inia usiku kucha. Asubuhi tulirudi na spana na nati zilikuwa zimelegea, kama ilivyotarajiwa, tukazikaza. Mzee alikuja akaigonga mialoni yote miwili kwa kisogo cha nyundo, mara tatu kila mmoja, nasi tukanyamaza wote mpaka alipotikisa kichwa kukubali.

Kisha mjukuu wake akaleta kichupa cha rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu. Shemeji alikuwa amesikia kutoka kwa fundi mmoja wa kufunga mizigo kwamba ukichora mstari juu ya waya pale unapotokea kwenye klampu, waya ukiteleza hata kwa unene wa kucha, mstari utauona umeondoka mahali pake. Mjukuu ndiye aliyechora, ncha zote mbili, amesimama kwenye ngazi, mimi nimeishika.

Mwaka ule hakupanda hata mara moja, na hakuna aliyemshawishi. Lakini kila Jumamosi watoto wanapojipanga, yeye hupita kwanza. Hupanda ngazi upande wa gereji, hutazama kwa muda mrefu, hushuka, hutembea mpaka upande wa pili huku wenzake wakilalamika kwamba anachelewesha, hupanda tena. Foleni inangoja. Kovu la kiwiko chake huonekana anapoinua mkono kushika waya.

“Rangi iko pale pale,” husema, na ndipo mtoto wa kwanza huruhusiwa kukaa.